Fimbo ya Shimo Namba 14

Ofisi ya Maji ya Bonde
9 Mei

Kwa mwenye Kibali namba 14,

YAH: SAMADI ILIYOMWAGWA KATIKA KIPINDI CHA KUFUNGWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Maabara ya bonde imetoa matokeo leo saa nne asubuhi. Maji ya kijito yaliyochotwa tarehe 7 Mei, hatua mia mbili chini ya mpaka wa shamba lako, yana miligramu 61 za naitreti kwa kila lita. Kikomo ni 50. Mwezi Februari yalikuwa 19. Mganga wa zahanati amefunga bomba linalochota kwenye kijito hicho, na maji ya wodi ya watoto wachanga sasa yanaletwa kwa lori, kwa kuwa naitreti huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba hewa.

Taarifa yako mwenyewe inaonyesha kwamba tarehe 5 Mei ulimwaga lita 32,000 za samadi ya maji kwenye ekari nne za chini. Mvua kubwa ilinyesha kesho yake. Kibali chako kinakataza kumwaga samadi kuanzia tarehe 1 Machi hadi 15 Mei, kwa sababu unayoijua: katika wiki hizo shamba halina mmea wa kula naitrojeni ya samadi, na udongo uliolowa hauwezi kuishika. Inakwenda na maji, ikiwa naitreti.

Umekwishapewa maonyo mawili. La mwaka juzi ni la samadi kumwagwa hatua 18 kutoka kijitoni badala ya 30. La mwaka jana ni la samadi kuachwa juani siku tatu bila kufukiwa. Onyo la tatu likithibitishwa, kibali cha shimo kinafutwa, na shamba lisilo na shimo la samadi haliruhusiwi kufuga ng'ombe zaidi ya kumi. Wewe una thelathini na wawili.

Unatakiwa kutoa maelezo kwa maandishi ndani ya siku saba, pamoja na daftari la vipimo vya shimo.

Mkaguzi wa Maji, Kanda ya Chini


Shambani
12 Mei

Kalamu mwanangu,

Huyo mwenye Kibali namba 14 ni mimi, shangazi yako, niliyekukatia kucha mpaka ukaanza kuona haya. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta salamu. Haikuwemo. Basi nakusalimia mimi, hujambo? Mgongo wako vipi? Bado unalala kwenye lile godoro lenye bonde katikati?

Sasa maelezo, maana umeyataka kwa maandishi.

Jumatatu tarehe 4 nilitumbukiza fimbo shimoni, kama ninavyofanya kila Jumatatu tangu marehemu mume wangu alipolichimba. Ilisoma sentimita 182. Kibali chenu, kifungu cha sita, kinasema samadi ikifika 180 ni dharura, na mwenye shimo anaruhusiwa kupunguza hadi 140 hata kama ni kipindi cha kufungwa, ilimradi aijulishe ofisi kabla. Nilimtuma Bwana Ndoo siku hiyohiyo kwa baiskeli. Karatasi yangu iligongwa muhuri na yule dada wa mapokezi anayekula karanga. Muhuri una mafuta ya karanga, utautambua.

Tarehe 5 nilimwaga. Hatua thelathini kutoka kijitoni nilizihesabu kwa miguu yangu, na unajua miguu yangu si ya kuku. Trekta ilifukia samadi yote kabla ya saa kumi. Ningefanya nini tena? Niache shimo lifurike, liende kijitoni lote bila hata kupita shambani? Hapo ungeandika barua ndefu zaidi.

Habari za zahanati zimeniuma, nisikufiche. Lakini nilifuata karatasi yenu mstari kwa mstari. Ng'ombe kumi hawalipi hata mkamuaji mmoja, na Bwana Ndoo yuko hapa mwaka wa kumi na tisa.

Daftari anakuletea yeye. Mpe chai. Atakataa, mpe tu.

Shangazi yako


Ofisi ya Maji ya Bonde
15 Mei

Kwa mwenye Kibali namba 14,

YAH: MAELEZO YAKO YA TAREHE 12 MEI

Daftari limepokelewa. Mletaji alikataa chai, akapewa, akanywa vikombe vitatu.

Shimo lako lina urefu wa mita kumi na upana wa mita nane. Kila sentimita moja ya kina ni lita 800. Ng'ombe thelathini na wawili, pamoja na maji ya kuosha sakafu, wanatoa lita 1,600 kwa siku. Yaani shimo linapanda sentimita mbili kwa siku, kumi na nne kwa wiki. Shimo lina paa la mabati, kwa hiyo mvua haihusiki. Lilipofyonzwa tarehe 27 Februari zilibaki sentimita kumi chini. Kwa hesabu hiyo, hadi tarehe 15 Mei lisingefika hata 170. Lilichimbwa kwa ukubwa huo makusudi, ili lipite kipindi chote cha kufungwa bila dharura.

Daftari lako linakubaliana na hesabu hii. Kila Jumatatu kimo kinaongezeka kumi na nne, wiki baada ya wiki. Isipokuwa wiki moja. Mstari wa mwisho wa ukurasa wa tisa, tarehe 23 Machi, unasema 58. Mstari wa kwanza wa ukurasa wa kumi, tarehe 30 Machi, unasema 112. Ongezeko ni 54. Zilizozidi ni sentimita arobaini, lita 32,000. Ili kuzipata kwa wiki moja ungehitaji ng'ombe wengine tisini na mmoja.

Ni kiasi kilekile ulichomwaga tarehe 5 Mei.

Tarehe 25 Machi shimo la jirani yako wa juu, mwenye nguruwe, lilipata ufa. Aliiarifu ofisi kwamba samadi yake ameihamishia "mahali salama". Hakusema wapi. Nakuuliza rasmi: ulipokea samadi ya jirani katika shimo lako? Kama ulipokea, hilo ni kosa la pili juu ya lile la kwanza, na ni heri ulitamke sasa kuliko likutwe.

Kikao cha vibali kitakaa tarehe 4 Juni.

Mkaguzi wa Maji, Kanda ya Chini

Shangazi, yule mtu anakuletea mboga tangu marehemu alipofariki. Najua. Sikuandika hilo hapo juu.


Shambani
18 Mei

Kwa Mkaguzi wa Maji,

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 15 MEI

Sikupokea samadi ya mtu. Jirani hahusiki, asiulizwe.

Nilisoma fimbo vibaya. Ni macho. Nimekuwa nikisoma vibaya tangu mwezi wa tatu. Shimo halikuwa limefika 180 na nilimwaga bila dharura. Kosa ni langu peke yangu na Bwana Ndoo asitajwe.

Weka barua hii kwenye faili. Sitakuwa na la kuongeza kwenye kikao. Naomba tu nikubaliwe kuchagua mwenyewe ni ng'ombe gani kumi watakaobaki.

Mwenye Kibali namba 14


Mjini, nyumbani
20 Mei

Shangazi,

Naandikia nyumbani, kwenye karatasi yangu, bila nambari.

Barua yako nimeiweka kwenye faili kama ulivyotaka. Sikuwa na hiari. Mkuu wa Ofisi ameisoma, akasema: "Huyu mama amekurahisishia kazi." Anajua tangu siku ya kwanza kwamba wewe ni shangazi yangu. Nilimwambia. Tuko wakaguzi wawili tu, na mwenzangu yuko likizo ya uzazi.

Lakini siiamini. Mwezi wa pili nilikuona ukitunga uzi kwenye sindano, taa imezimika, ukalipata tundu mara ya kwanza huku unanisimanga kwamba nimenenepa. Mtu anayesoma vibaya hukosea leo mbili, kesho tano. Hakosei arobaini kamili kila Jumatatu kwa wiki sita. Na mstari wa tarehe 30 Machi si mwandiko wako. Ulikuwa kwa dada yako aliyefanyiwa upasuaji wa mguu. Ni mwandiko wa Bwana Ndoo, yule anayeandika mbili kama kwato.

Kwa hiyo kuna mtu unamficha. Ama ni jirani, ama ni yeye. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, nimeona watu wakibeba makosa ya wengine, na hata siku moja halikuwaishia vizuri. Ukipoteza ng'ombe ishirini na wawili kwa ajili ya nguruwe wa mtu mwingine, mimi sitaweza kukusaidia, na nitakuwa nimetia sahihi kwa mkono wangu.

Niambie.

Kalamu


Zizini
23 Mei

Bwana Mkaguzi,

Salamu nyingi. Mimi ni mkamuaji wa shangazi yako, unaponiita Bwana Ndoo naitika. Naandika bila mama mwenyewe kujua. Ameniapisha nisiseme kitu. Lakini aliniapisha nisiseme, hakutaja kuandika.

Kwanza, jirani hana kosa. Samadi ya nguruwe wake aliipeleka kwa kaka yake ng'ambo ya barabara, kwa matela, safari tisa. Nilizihesabu kwa sababu kila ikipita harufu ilifuta ladha ya chakula changu.

Pili, fimbo. Ulipokuja kukagua tarehe 20 Machi mama alikuwepo, mlikunywa chai, ukaondoka. Tarehe 23, alipokwisha kupima shimo, mama akaenda kwa dada yake. Tarehe 24 ikaja ripoti yako kwa posta. Nilifungua kwa sababu mama aliniachia kazi zote, na barua ya ofisi ni kazi. Ukurasa wa pili umeandika hivi, nanakili kama ilivyo: "Ncha ya chini ya fimbo ya kupimia imeoza. Ikatwe mpaka kwenye mti mzima, mara moja, ili vipimo viwe vya kuaminika." Halafu sahihi yako.

Mimi nikasema, amri ni amri. Nikachukua msumeno. Mti mzima ulianzia kwenye alama ya arobaini, zile alama alizochoma marehemu kwa chuma cha moto. Nikakata hapo. Kazi safi. Karatasi nikaipigilia msumari kwenye ukuta wa chumba cha maziwa, pale penye karatasi zenu zote. Jumatatu nikatumbukiza fimbo, ikasoma 112, nikaandika 112. Mimi huandika ninachokiona. Ukurasa wa nyuma ulikuwa umejaa, nikaanza mpya, sikugeuza kutazama. Mama aliporudi akaendelea kwenye ukurasa mpya.

Barua yako ya ng'ombe tisini na mmoja ilipokuja, mama alicheka kwanza. Akanambia, "Ndoo, hebu twende tukawatafute hao tisini na mmoja, labda wamejificha chini ya kitanda." Tarehe 16 akafunga jiwe kwenye kamba, akaitumbukiza shimoni, akapima kamba kwa futi ya kushonea. Kamba ilisema 126. Fimbo ilisema 166. Akaniuliza, "Fimbo hii nani ameigusa?" Nikamwonyesha karatasi ukutani. Aliisoma akiwa amesimama. Akaitoa msumari, akaikunja, akaitia kifuani. Akasema, "Mtoto huyu ana kazi nzuri. Hujaona kitu na mimi sijaona kitu." Siku mbili baadaye ndipo alipoandika ile barua ya macho.

Macho yake ni mazima. Jana aliona kupe kwenye sikio la ndama akiwa mlangoni.

Kipande nilichokata hakijatupwa. Kinazuia mlango wa banda la ndama. Kina alama ya 10, ya 20, ya 30, na ya 40 imegawanyika nusu pale msumeno ulipopita. Ukitaka kukiona kipo. Ila nitafutie kitu kingine cha kuzuia mlango, maana ndama mweupe anajua kufungua.

Ng'ombe kumi mimi naweza kuwakamua nikiwa nimelala. Sililii kazi. Naandika kwa sababu kitu nilikikata mimi na lawama anakula mwingine.

Ni mimi,
Bwana Ndoo


Ofisi ya Maji ya Bonde
25 Mei

Kwa Mkuu wa Ofisi,

YAH: KOSA LANGU KATIKA UKAGUZI WA TAREHE 20 MACHI

Naripoti yafuatayo.

Katika ripoti yangu ya ukaguzi wa Kibali namba 14 niliagiza ncha iliyooza ya fimbo ya kupimia ikatwe. Sikuagiza alama zichorwe upya kuanzia ncha mpya. Fimbo ilikatwa kwenye alama ya 40. Tangu tarehe 24 Machi imekuwa ikizidisha kila kipimo kwa sentimita arobaini. Jana nilikwenda shambani wakati mwenye kibali hayupo, nikapima kipande kilichokatwa na fimbo iliyobaki. Vinaungana.

Tarehe 4 Mei fimbo ilisoma 182. Kimo cha kweli kilikuwa 142. Hadi tarehe 15 Mei kingekuwa 164. Hakukuwa na dharura, lakini mwenye kibali hakuwa na njia ya kulijua hilo kwa chombo nilichomwamuru kukitumia. Alifuata kifungu cha sita kama kilivyo.

Maelezo yake ya tarehe 18 Mei, kwamba alisoma vibaya, si ya kweli. Aliyaandika baada ya kugundua agizo langu. Naomba yasitumike dhidi yake.

Lita 32,000 zile zilikuwa na naitrojeni ya takriban kilo tisini na sita. Ingesubiri wiki tatu, mahindi yangekuwa yameota na sehemu kubwa yangeila. Sasa kiasi kikubwa kimo kijitoni.

Nimepitia ripoti zangu zote za Machi. Maneno hayohayo, neno kwa neno, yamo katika ripoti za mashamba namba 9, 22 na 31. Nilikuwa nimeyazoea. Shamba namba 22, ambalo si lile la nguruwe, liko juu ya namba 14 kwenye kijito hichohicho, na lilitangaza dharura tarehe 3 Mei. Tuliipitisha bila swali. Kwa hiyo zile miligramu 61 hazikutoka shamba moja. Mashamba namba 9, 22 na 31 fimbo zao bado zinadanganya hadi leo, na nimeyatumia ujumbe asubuhi hii yasimwage chochote kabla ya kupima kwa kamba.

Naomba niondolewe katika shauri hili. Pia naomba ijulikane kwamba kama mwenye Kibali namba 14 angeachwa abebe lawama, fimbo hizo nyingine zisingetafutwa na mtu.

Mkaguzi wa Maji, Kanda ya Chini


Ofisi ya Maji ya Bonde
29 Mei

Kwa Mkaguzi wa Maji, Kanda ya Chini
Nakala: mwenye Kibali namba 14

Barua yako ya tarehe 25 nimeisoma nikiwa nimekaa, bahati nzuri.

Nimeagiza yafuatayo. Umeondolewa katika shauri la Kibali namba 14 na katika ukaguzi wote wa mashimo kuanzia leo. Mwenzako amerudi kutoka likizo ya uzazi na amepokea mafaili yako. Fimbo za namba 9, 22 na 31 zimekusanywa. Ile ya 9 ilikatwa sentimita ishirini, ya 31 ishirini na tano. Ya 22 ilikatwa sitini, na mwenye shamba anasema alishangaa lakini hakutaka kubishana na serikali.

Kikao cha tarehe 4 Juni kitasikiliza mambo mawili: onyo la tatu la Kibali namba 14, na mwenendo wa mkaguzi. Mwenye kibali ajiandae kwa swali moja ambalo fimbo haiwezi kulijibu. Redio ilitangaza mvua kubwa tangu asubuhi ya tarehe 4 Mei. Kifungu cha sita kinamruhusu kumwaga ndani ya kipindi cha kufungwa. Hakimruhusu kumwaga kabla ya mvua iliyotangazwa.

Ajiandae pia kueleza kwa nini aliiandikia ofisi jambo lisilo la kweli.

Mkuu wa Ofisi


Shambani
1 Juni

Kalamu,

Nimepata nakala. Kwa hiyo umekwenda kujichongea mwenyewe, tena kwa herufi kubwa.

Nimekasirika na nataka ujue hivyo kabla hujaendelea kusoma. Mimi nina miaka sitini na minane. Ng'ombe kumi wangenitosha mpaka nichoke. Wewe una miaka ishirini ya kazi mbele yako na watoto wawili wasiojua hata kufunga viatu. Nilipiga hesabu yangu nikaona inakaa sawa. Hukuniuliza.

Bwana Ndoo nimemnunia siku nne. Ananiletea maziwa, anaweka, anaondoka kinyumenyume kama mtu mbele ya mfalme. Leo nimechoka kununa nikamwambia akae. Amesema yeye hakusema kitu, aliandika. Nikamwambia mdomo na mkono wake vyote vinalishwa na chungu kimoja.

Sasa nikueleze ukweli wote, maana naona ndiyo mtindo wa mwaka huu. Niliporudi kutoka kwa dada yangu nikaishika fimbo, nilihisi imekuwa nyepesi. Nikadhani nimepata nguvu kwa kupumzika. Nikafurahi kabisa. Nilimwambia hata dada kwa simu kwamba upasuaji wake umenifaa mimi. Kwa hiyo usijifanye mjinga peke yako. Tulikuwa watatu, na marehemu angetucheka sote. Yeye kila alipoishika fimbo ile alianza kwa kugusa ncha ya chini kwa kidole. Nilidhani ni mazoea tu.

La mvua nitalijibu hivi kwenye kikao: redio niliisikia. Nilisikia mvua kubwa, nikatazama fimbo, nikaona 182, nikachagua fimbo. Nilikosea kuchagua. Hilo ni langu kweli na sitalipamba.

Lakini hayo ya mashamba mengine sikuyajua. Nilidhani nakificha kitu chako kimoja. Huyo wa namba 22 ana mjukuu wa miezi miwili, na zahanati wanayokwenda ni ileile. Ningejua kwamba karatasi yako iko kwenye kuta nne, nisingeitoa msumari kwenye ukuta wangu. Hapo ulifanya sawasawa. Nimeandika mara moja, usiniombe nirudie.

Kwenye kikao nitavaa viatu vya kufunga. Wewe vaa shati lililopigwa pasi.

Shangazi yako


Ofisi ya Maji ya Bonde, chumba cha mafaili
8 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Leo nimeanza na salamu.

Umeondoka kikaoni kabla hawajasoma upande wangu, kwa hiyo nakupa yote kwa mpangilio. Matokeo ya maabara ya tarehe 5 Juni: kijito kiko miligramu 43, na sampuli ya pili ya leo ni 38. Mganga amefungua bomba saa sita mchana. Lori la maji limesimamishwa. Siku thelathini na moja. Watoto wote wa wodi wamepimwa, hakuna aliyekutwa na tatizo.

Onyo lako la tatu limefutwa. Kwa ajili ya mvua umepewa karipio la maandishi, ambalo halihesabiwi kwenye yale matatu. Ng'ombe wanabaki thelathini na wawili. Barua yako ya macho imebaki kwenye faili, imepigwa mstari mwekundu, na pembeni Mkuu ameandika "Si kweli. Anaona vizuri kuliko ofisi." Ulipomwambia kwamba muhuri wake una mafuta ya karanga alikwenda mwenyewe mapokezi kuhakikisha. Dada yule sasa anakula biskuti.

Mimi nimepewa onyo langu la kwanza. Miezi sita bila kukagua, nikipanga mafaili, kisha wataniangalia upya. Chumba hiki hakina dirisha lakini kina kiti kizuri, mgongo unashukuru. Kazi yangu ya kwanza ni kuandika upya maneno ya fomu ya ukaguzi. Nimeandika sentensi moja kwa siku mbili: "Fimbo ikikatwa, ipimwe upya kuanzia ncha mpya, mbele ya mkaguzi." Mkuu ameongeza "na mkaguzi aiguse ncha kwa kidole." Nilimsimulia habari za marehemu. Hakucheka.

Mahindi yako ya chini yamefika magotini, nimeyaona nikipita na basi. Unaruhusiwa kumwaga sasa, kwa vile mmea upo, lakini si zaidi ya kilo ishirini za naitrojeni kwa ekari kwa mara moja, na siku ambayo redio iko kimya kuhusu mvua. Kwa samadi yako hiyo ni kama lita elfu sita na mia sita kwa ekari. Ufukie siku hiyohiyo. Ukisikia harufu kali puani ujue ndiyo naitrojeni yenyewe inakuaga.

Lakini usimwage chochote kabla ya kipimo kipya. Mkaguzi mwenzangu atakuja na fimbo ya chuma, namba yako imechongwa juu yake. Mkaribishe vizuri, ana mtoto mchanga na usingizi mdogo. Kabla hajaitumbukiza, mwombe akuonyeshe sifuri iko wapi, na uiguse mwenyewe. Fimbo ya zamani usiitupe. Kikao kinaihitaji, pamoja na kile kipande. Kwa hiyo mwambie Bwana Ndoo nimemnunulia komeo la mlango wa ndama, na nitalileta mwenyewe kwa miguu yangu, kama mtoto wa nyumbani, bila daftari.

Kipimo ni Jumanne, tarehe 16 Juni, saa tatu asubuhi.

Mwanao,
Kalamu